Pakanga, Dawa Mseto na Swali la Kipimo

Majani makavu ya pakanga yanauzwa leo masokoni na kwenye kurasa za mitandao ya kijamii, yakiwa yamefungwa katika vipakiti vyenye maelezo kwamba chai yake huzuia malaria na kuitibu. Wauzaji wana hoja moja ambayo haifai kupuuzwa: dawa mseto tunayopewa hospitalini imetokana na mmea huohuo. Hoja hiyo ni ya kweli, na kwa kuwa ni ya kweli inastahili kujibiwa kwa uangalifu zaidi kuliko inavyojibiwa na wataalamu wengi, ambao hukataza tu bila kueleza. Msimamo wangu ni kwamba chai ya pakanga haifai kutumiwa dhidi ya malaria, na sababu yenyewe ni nguvu ya mmea huo. Mmea usio na dawa yoyote ndani yake humdhuru yule anayeunywa kwa kumchelewesha kupata tiba. Mmea wenye dawa kali isiyopimwa unaweza kuwadhuru hata watu ambao hawajawahi kuuonja.

Kisa cha dawa hii kilianzia vitani. Tarehe 23 Mei 1967 serikali ya China ilianzisha mpango wa siri uliopewa namba 523, kutokana na tarehe hiyo, ili kutafuta dawa mpya ya malaria, kwa sababu wanajeshi wa Vietnam ya Kaskazini walikuwa wakiangamia msituni kwa ugonjwa ambao klorokwini ilikuwa imeanza kushindwa kuutibu. Mapema mwaka 1969 kazi ya kuzipekua tiba za jadi ilikabidhiwa kikundi cha Beijing kilichoongozwa na Tu Youyou, mwanasayansi ambaye hakuwa na shahada ya uzamivu. Kikundi hicho kilikusanya maelekezo ya dawa za kale zaidi ya 2,000, kikachagua mimea ipatayo 200, kikakamua kutoka kwayo sampuli zaidi ya 380 na kuzijaribu kwa panya. Pakanga ilikuwamo. Mwanzoni iliwatia moyo, kwani jaribio moja lilionyesha kwamba inazuia vimelea kwa asilimia 68. Majaribio yaliyofuata yakashuka hadi kati ya asilimia 12 na 40.

Watafiti wengi wangeuacha mmea huo hapo. Tu alirudi kwenye maandishi ya Ge Hong, tabibu wa karne ya 4, aliyeagiza kwamba konzi moja ya majani ilowekwe katika maji, ikamuliwe, na maji yake yanywewe yote. Maagizo hayo hayakutaja moto popote, na Tu akawaza kwamba huenda joto la kuchemsha ndilo lililokuwa likiiharibu dawa. Akatumia etha, kimiminika ambacho huchemka kwenye nyuzi joto 35 tu, akatumia majani peke yake badala ya mmea mzima, akaondoa sehemu yenye asidi iliyokuwa na sumu, na tarehe 4 Oktoba 1971 sampuli namba 191 ikaua vimelea vyote katika panya. Mwaka uliofuata yeye na wenzake wawili walijijaribia wenyewe kwanza kuhakikisha usalama wake, kisha wakawapa wagonjwa 21 kisiwani Hainan, na kabla mwaka haujaisha walikuwa wamepata fuwele nyeupe za kiini chenyewe, yaani artemisinini. Mwaka 2015 Tu alitunukiwa Tuzo ya Nobel ya Tiba.

Naeleza kisa hiki kwa urefu kwa sababu mara nyingi husimuliwa nusu. Husimuliwa kama ushindi wa tiba ya jadi, na kweli bila Ge Hong etha isingewaziwa. Lakini tazama namba zenyewe: mmea uleule, katika maabara ileile, mikononi mwa watu walewale wenye ujuzi, ulitoa matokeo ya asilimia 12 siku moja na asilimia 100 siku nyingine, kulingana na sehemu ya mmea iliyotumika, mahali ulikoota, msimu wa kuvunwa na namna ya kukamua. Kikundi cha Beijing kiligundua pia kwamba majani bora yalitoka mkoa wa Sichuan na kwamba yalitakiwa kuvunwa kabla mmea haujachanua. Ikiwa wao walihitaji miaka ya kazi ili kujua ni kiasi gani cha dawa kimo katika jani, mama aliye na mtoto mwenye homa usiku hawezi kukijua kwa kuchota majani kwa kijiko.

Umuhimu wa kiasi hicho unaonekana tukiangalia namna dawa inavyofanya kazi mwilini. Kimelea cha malaria kikiwa ndani ya chembe nyekundu ya damu hula himoglobini, na katika kuimeng'enya hubakiza kiini chake chenye madini ya chuma. Molekuli ya artemisinini ina daraja la atomu mbili za oksijeni zilizoshikana, ambalo ni nadra sana katika dawa. Daraja hilo likikutana na chuma hicho hukatika, na vipande vinavyotokea huwa na ukali wa kujibandika kwenye protini za kimelea na kuziharibu, nyingi kwa wakati mmoja. Kwa maneno mengine, kimelea hujiwashia chenyewe moto unaokiua, na ndiyo maana dawa hii hufyeka vimelea kwa kasi ambayo dawa zilizotangulia hazikuifikia: hupunguza idadi yake takriban mara 10,000 katika kila mzunguko wa saa 48.

Udhaifu wake ni kwamba haikai. Ndani ya saa chache nusu yake huwa imekwisha kuondoka katika damu. Zaidi ya hapo, artemisinini yenyewe huamsha vimeng'enya vya ini vinavyoivunjavunja, hivyo mtu anayeinywa siku baada ya siku hupata kiwango kinachozidi kupungua katika damu yake hata kama anakunywa kiasi kilekile. Mgonjwa aliyelemewa anaweza kuwa na vimelea trilioni moja mwilini. Baada ya mizunguko miwili chini ya dawa kamili vinaweza kubaki 10,000, na hao waliobaki ndio hatari, maana mgonjwa amekwisha kujisikia nafuu, anatembea na anakula, ilhali mbegu ya ugonjwa ingali damuni.

Kwa sababu hiyo artemisinini haitolewi peke yake kwa mgonjwa wa malaria ya kawaida. Kidonge cha dawa mseto iitwayo ALu kina miligramu 20 za artemetha, ambayo ni mtoto wa artemisinini, na miligramu 120 za lumefantrini, ambayo huingia damuni polepole na kukaa kwa siku kadhaa ili kuwamaliza wale elfu kumi. Mtu mzima humeza vidonge vinne mara sita katika siku tatu, jumla vidonge 24. Zanzibar ilianza kutumia dawa mseto mwaka 2003, Kenya ikatangaza kuhamia ALu mwaka 2004, na Tanzania Bara ikafuata mwishoni mwa mwaka 2006 baada ya SP (sulfadoksini na pirimethamini), dawa iliyorithi nafasi ya klorokwini, nayo kuzidiwa na usugu. Wanaokumbuka miaka ya mwisho ya klorokwini, watoto walipopewa dozi kamili na bado homa ikarudi baada ya wiki mbili, wanajua mabadiliko hayo yaliokoa nini.

Sasa turudi kwenye chai. Mwaka 2004 watafiti walichapisha matokeo ya kuwapa watu wenye afya lita moja ya chai iliyotengenezwa kwa gramu 9 za majani makavu ya pakanga. Katika lita hiyo nzima mlikuwa na artemisinini takriban miligramu 94, wakati dozi ya kawaida ya mtu mzima, siku za artemisinini kutumiwa peke yake, ilikuwa miligramu 500 kwa siku. Mwaka huohuo yalichapishwa matokeo ya jaribio lililofanyika katika Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, ambapo wagonjwa waligawanywa kwa bahati nasibu, wengine wakapewa chai ya pakanga kwa siku saba na wengine kwinini. Siku ya saba asilimia 74 ya waliokunywa chai hawakuwa tena na ugonjwa, dhidi ya asilimia 91 ya waliopewa kwinini. Ukiishia hapo, chai inaonekana kuwa dawa ya wastani ambayo maskini angeweza kuivumilia. Katika wiki zilizofuata, hata hivyo, malaria iliwarudia wengi wa waliokunywa chai, na watafiti haohao, ambao walianza kazi hiyo kwa nia ya kuithibitisha chai, waliandika kwamba haiwezi kupendekezwa badala ya dawa.

Nawaheshimu watafiti hao kwa kuandika walichokiona. Nawaelewa pia watu walioamini kwamba kijiji kilicho siku mbili kutoka zahanati kinaweza kujilimia dawa yake. Tamaa hiyo ni njema, na chanzo chake ni upungufu halisi wa dawa, foleni na vidonge bandia ambavyo vimewahi kuuzwa madukani mwetu. Hata hivyo wema wa nia haubadilishi kilichomo kikombeni.

Lipo jambo jingine ambalo wauzaji wengi hawalisemi, pengine kwa kutolijua. Pakanga ya China, Artemisia annua, si mmea sawa na Artemisia afra, ndugu yake wa asili ya Afrika anayeota katika nyanda zetu za juu na ambaye bibi zetu walimtumia kwa kikohozi, mafua na tumbo. Huyu wa kwetu ana artemisinini kidogo mno au hana kabisa. Katika vipakiti vya sokoni majani ya mimea hii miwili yanaweza kuuzwa kwa jina moja. Hata ndani ya mmea wa China wenyewe tofauti ni kubwa, kwa kuwa mimea ya mwituni inaweza kuwa na sehemu ndogo sana ya asilimia moja ya uzito wa jani kavu, na aina zilizochaguliwa na wataalamu wa kilimo zikapita asilimia moja. Vikombe viwili vinavyofanana kwa rangi na uchungu vinaweza kutofautiana mara kumi na zaidi kwa dawa iliyomo.

Watetezi wa mmea mzima hujibu kwamba artemisinini si kitu pekee kilichomo. Wanasema majani yana viambato vingine, hasa vya jamii ya flavonoidi, vinavyoisaidia kufyonzwa na kuiongezea nguvu, kwa hiyo kuhesabu miligramu za kiini kimoja ni kuupunja mmea haki yake. Naichukulia hoja hii kwa uzito, kwani katika maabara baadhi ya viambato hivyo huonekana kweli kuisaidia artemisinini dhidi ya vimelea. Swali ni kama hali hiyo hutokea ndani ya mtu mgonjwa, na jibu lake hupatikana kwa majaribio kwa binadamu peke yake. Jaribio lililotangazwa sana, lililodaiwa kufanyika Maniema huko Kongo na kuonyesha chai ikiishinda dawa mseto, lilichapishwa na jarida la kimataifa na baadaye likaondolewa na jarida hilohilo. Wanaoendelea kulinukuu leo wanapaswa kuwaeleza wasomaji wao jambo hilo.

Tofauti kati ya chupa ya maabara na mwili wa mtu ndiyo inayoutesa utafiti wetu wa mitishamba kwa ujumla. Chukua mwarobaini. Kutoka humo wanakemia wamepata gedunini, ambayo huua vimelea vya malaria vizuri sana katika chupa. Walipowapa panya walioambukizwa, haikufua dafu, kwa kuwa haifyonzwi vyema na ini huigeuza mapema. Katika vyuo vyetu vya Afrika Mashariki zimeandikwa tasnifu nyingi sana zenye umbo moja: mmea unakusanywa kwa maelezo ya waganga, unakamuliwa, unajaribiwa katika chupa, unaonekana una uwezo, na hitimisho linasema utafiti zaidi unahitajika. Utafiti huo zaidi haufanyiki. Taasisi ya Tiba Asili ya Muhimbili, ambayo mizizi yake ni kitengo kilichoanzishwa mwaka 1974, ina hazina ya maarifa ya mimea ambayo nchi nyingi zingeitamani, na NIMR na KEMRI, taasisi za utafiti wa tiba za Tanzania na Kenya, zina uzoefu wa majaribio kwa binadamu unaoheshimiwa duniani. Kinachokosekana ni fedha za katikati, za miaka ile mitano au kumi isiyo na habari za kutangaza: kutenga kiini, kupima kiwango chake katika damu, kuangalia madhara yake kwenye ini na figo, kuona kinavyogongana na dawa nyingine. Mfano wa kugongana huko si wa kufikirika. Efavirenzi, dawa ya virusi vya UKIMWI iliyotumiwa na mamilioni ya watu wetu, hupunguza kiwango cha lumefantrini katika damu ya mgonjwa wa malaria. Kama vidonge vilivyopimwa kwa miligramu vinaweza kudhoofishana namna hiyo, basi mchanganyiko wa majani usiojulikana kiasi chake hauwezi kuitwa salama kwa sababu tu ni wa asili.

Pengo hilo la katikati ndilo linalozibwa na siasa na umati. Mwaka 2011 maelfu kwa maelfu ya watu walipanga foleni Samunge, Loliondo, kunywa kikombe cha dawa ya mchungaji mstaafu Ambilikile Mwasapile kwa shilingi 500, na wako waliokuwa wameacha dawa zao za UKIMWI na kisukari. Aprili 2020 Rais Andry Rajoelina wa Madagaska alizindua kinywaji cha pakanga dhidi ya UVIKO-19, na mwezi uliofuata ndege ya Tanzania ikaenda kukichukua. Katika visa vyote viwili dawa ilifika kwa watu kabla ya swali la kipimo kuulizwa, na lilipoulizwa, aliyeuliza alionekana ni mtu wa kudharau vya kwetu. Hisia hiyo naijua vizuri na sioni aibu kwamba tunayo, kwa kuwa tiba zetu zilidharauliwa kwa makusudi kwa miongo mingi. Lakini Wachina, ambao tunapenda kuwataja kama mfano wa taifa lililoheshimu tiba yake, waliiheshimu kwa kuipima.

Kuhusu malaria muda wa kusubiri umekwisha. Mwaka 2020 watafiti nchini Rwanda waliripoti kuenea kwa vimelea wenye mabadiliko katika jeni iitwayo kelch13, yanayowasaidia kuistahimili artemisinini na yanayojulikana kwa alama R561H. Mwaka 2021 ushahidi kama huo ukatoka kaskazini mwa Uganda, kwa mabadiliko ya aina nyingine katika jeni hiyohiyo, na baadaye R561H ikapatikana mkoani Kagera, upande wa pili wa mpaka. Shirika la Afya Duniani sasa linazitaja Eritrea, Rwanda, Uganda na Tanzania kama nchi ambako usugu wa sehemu dhidi ya artemisinini umethibitishwa. Namna usugu huo unavyofanya kazi inarudi kwenye kemia niliyoieleza hapo juu: vimelea wenye mabadiliko hayo, wakiwa wachanga, humeza himoglobini kidogo, kwa hiyo chuma cha kuikata dawa huwa kichache, na wao hujibanza mpaka saa zile chache za dawa zipite.

Sidai kwamba chai ya pakanga ndiyo iliyoleta mabadiliko ya Kagera. Usugu unaweza kuzaliwa kwa dozi zisizomalizwa, vidonge dhaifu na matumizi mengi ya dawa ileile kwa miaka mingi. Ninachodai ni chepesi kukipima: kimelea mwenye mbinu ya kujibanza saa chache hunufaika zaidi na kiwango kidogo cha artemisinini kisicho na mwenzake, na hicho ndicho kinachopatikana katika kikombe, hasa cha mtu anayekunywa kila siku ili kujikinga. Mwaka 2006 Shirika la Afya Duniani lilivitaka viwanda viache kuuza vidonge vya artemisinini peke yake kwa sababu hiyohiyo, na mwaka 2019 likasema haliungi mkono matumizi ya majani ya pakanga kwa namna yoyote dhidi ya malaria. Mwaka 2023 ugonjwa huu uliua watu wanaokadiriwa kuwa 597,000 duniani, zaidi ya tisini katika kila mia wakiwa Afrika. Dawa mseto ikianguka kama klorokwini ilivyoanguka, hatuna nyingine ya kiwango chake iliyokwisha kusambazwa zahanati kwa zahanati.

Neno kuhusu wakulima, kwa kuwa nao wamo katika habari hii. Katikati ya miaka ya 2000, mahitaji ya dawa mseto yalipopanda ghafla, wakulima wadogo wa Tanzania, Kenya na Uganda walihamasishwa kulima pakanga, na kiwanda cha kukamua kikajengwa Athi River nchini Kenya. Bei ya kilo ya artemisinini ilipita dola 1,000, kisha ikaporomoka chini ya robo ya kiasi hicho ndani ya miaka michache, na wengi wakang'oa mimea. Mwaka 2013 kampuni ya dawa ya Sanofi ilianza kuzalisha artemisinini nchini Italia kwa msaada wa hamira iliyobadilishwa jeni, kazi iliyotokana na utafiti wa mwanasayansi Jay Keasling wa California, nayo ikashindwa kushindana majani yaliposhuka bei. Mkulima wetu ambaye hana soko la uhakika wala maabara ya karibu ya kumwambia jani lake lina asilimia ngapi atauza kipakiti cha chai, na sioni haki ya kumlaumu. Ununuzi wa pamoja wa dawa mseto wa nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki, wenye sharti kwamba sehemu ya malighafi itoke mashambani mwetu kwa bei iliyofungwa kwa miaka kadhaa, ungemwondoa katika biashara hiyo haraka kuliko tangazo lolote la kukataza.

Na kwa watafiti wanaoamini mmea mzima, mlango usifungwe. Waandae kidonge cha majani kilichopimwa, chenye kiwango kimoja kila mara, pamoja na dawa mwenza ya kukaa damuni, wakijaribu chini ya usimamizi wa kamati za maadili za taifa, wagonjwa wakifuatiliwa kwa siku 28 au zaidi na vimelea vikichunguzwa kelch13, na matokeo yachapishwe hata yakiwa mabaya. Serikali zilizotuma ndege kufuata kinywaji haziwezi kusema hazina fedha za jaribio la namna hiyo. Kwa sasa mwenye homa apimwe, na akikutwa na malaria ameze ALu yote pamoja na maziwa au chakula chenye mafuta, kwa kuwa lumefantrini haifyonzwi vyema tumboni patupu, naye asiiache siku ya pili kwa sababu amejisikia nafuu.